Shajara ya Mradi: Samani za Mwaloni za Babu, Kigoma

Kumbukumbu hizi ninaziandika kila hatua inapokamilika, kwa ajili ya yeyote aliyerithi samani za zamani na anayetaka kujua ana nini mkononi kabla hajamkabidhi fundi msumeno. Gharama zote ni za shilingi za Tanzania, na makosa nimeyaacha kama yalivyotokea.

2 Machi 2024: Tulichorithi

Nyumba ya babu yangu ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, imegawanywa kwa makubaliano ya ukoo, na fungu langu limekuwa samani za chumba chake cha kulala: kitanda kikubwa, kabati la nguo la milango miwili, na kabati dogo moja la kukaa kando ya kitanda. Shangazi yangu anayeishi Isevya, Tabora, anayo meza ya kujipambia yenye kioo ambayo ukoo mzima unaamini ni ya seti hiyo hiyo, naye ameridhia kuileta ili vitu vikae pamoja. Kabati dogo la pili halipo, na hakuna anayekumbuka liliondoka lini.

Nimejipangia kazi tatu: kujua vitu hivi ni vya mti gani na vya miaka gani, kukarabati kitako cha kabati kubwa kilicholiwa na mchwa, na kutengeneza kabati dogo la pili litakalofanana na la kwanza. Tumekua tukisikia kwamba hiki ni "kitanda cha Mjerumani", kilichotolewa katika jumba lile ambalo watu wa Kigoma husema lilijengwa kwa ajili ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Hadithi hiyo nimeiweka kando kwa sasa na nimeanza na futi kamba.

Kwa bahati mbaya futi kamba ilikuja baada ya godoro. Nilikuwa nimekwisha kununua godoro la futi 5 kwa 6, kwa sababu kwa macho kitanda kilionekana kuwa cha futi 5. Nilipopima kati ya mfumbati na mfumbati nilipata sentimita 137, na kutoka mchagoni hadi miguuni sentimita 190 na nusu. Godoro likawa limezidi upana kwa sentimita 15 na kupungua urefu kwa sentimita 7 na nusu. Nililikata ule upana uliozidi, kisha kutoka katika ukanda uliobaki nikakata kipande cha kujazia miguuni, na fundi cherehani akashona foronya moja ya kushika vyote viwili kwa shilingi 8,000. Hasara hiyo ndogo ilinipa dokezo la kwanza, kwani sentimita 137 ni futi 4 na inchi 6 kamili, na 190 na nusu ni futi 6 na inchi 3. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha kitanda cha watu wawili cha Kiingereza. Seremala wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20 angepima kwa sentimita, na vipimo vyake visingeangukia kwenye inchi kamili kila upande.

10 Machi 2024: Mti gani huu?

Mafundi watatu wameniambia mambo matatu. Wa kwanza alisema mninga, wa pili msaji, na wa tatu, nilipomwambia kwamba nadhani ni mbao za mwaloni, mti ambao Waingereza huuita oak, aliniuliza kwa heshima zote kama zilitoka mwalo wa Kibirizi, akidhani nazungumzia mbao za mitumbwi iliyovunjwa kule wanakoshushia dagaa. Tangu siku hiyo husema "mti wa mwaloni wa Ulaya" hata kama sentensi inarefuka.

Wote watatu walihukumu kwa rangi, na rangi ya nje ni kitu cha mwisho kuaminiwa, kwa kuwa mti wowote unaweza kupakwa ukafanana na mwingine. Nilitoa droo ya kabati dogo nikageuza chini kupata sehemu isiyopakwa kitu, nikakata kwa wembe mpya ncha ya ubao, pale nyuzi zinapoishia, kisha nikaitazama kwa lenzi ya kusomea. Mambo mawili yalionekana. La kwanza ni vitundu vikubwa vilivyojipanga mstari mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji, kwa sababu mwaloni hulala wakati wa baridi kali na unapoamka hutengeneza mirija mipana ya kupandishia maji. La pili ni miale mipana, yaani mistari inayotoka moyoni mwa gogo kwenda kwenye gome, inayoonekana hata bila lenzi. Pale ubao ulipopasuliwa kwa kufuata miale hiyo, huonekana usoni mwake mabaka yanayong'aa kama magamba ya samaki. Msaji nao huwa na mstari wa vitundu, lakini hauna miale mipana kiasi hicho, na ukiushika una mafutamafuta na harufu kama ya ngozi. Mninga hauna mabaka hayo kabisa.

Kipimo cha tatu nilikifanya kwa siki niliyoloweka stilwaya ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu, kwa siku mbili. Tone moja chini ya droo liligeuka jeusi lenye ubluu ndani ya dakika chache. Mwaloni una tanini nyingi, ile kemikali inayotia ukakasi kwenye chai, na tanini ikikutana na chuma huwa kama wino. Nisisitize kwamba kipimo hiki peke yake hakithibitishi mwaloni, maana ipo miti mingine mingi yenye tanini. Kinasaidia tu pale miale na vitundu vimekwisha kusema jambo lile lile. Mwisho nilichukua kipande kilichotoka kwenye kitako kibovu, nikapaka povu la sabuni upande mmoja na kupuliza upande wa pili kwa kufuata nyuzi. Povu halikutoa hata kiputo kimoja. Katika mwaloni mwekundu wa Marekani vitundu hubaki wazi na hewa hupita, ilhali katika kundi la mwaloni mweupe, ambamo mwaloni wa Ulaya umo, vitundu huziba.

17 Machi 2024: Umri, na Mjerumani anaondoka

Leo nimelivuta kabati kubwa kutoka ukutani, kazi iliyohitaji watu wanne, na kufuta vumbi la mgongoni kwa kitambaa kikavu. Kwenye ubao wa juu, upande wa nyuma, umetokea muhuri: herufi mbili za C zilizochorwa kama tikitimaji lililoondolewa kipande kimoja, na pembeni yake tarakimu 41. Muhuri kama huo, uliofifia zaidi, umo pia nyuma ya ubao wa miguuni wa kitanda.

Hiyo ni alama ya CC41, iliyogongwa Uingereza kwenye bidhaa zilizotengenezwa chini ya mpango wa serikali wa kubana matumizi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mpango wa samani ulitangaza katalogi yake mwaka 1943 na ulifikia mwisho mwaka 1952. Kwa kuwa mbao zilikuwa adimu, viwanda viliruhusiwa kutengeneza miundo michache tu iliyopitishwa, isiyo na nakshi, yenye viungo imara, na mara nyingi mwaloni ulitumika kwenye fremu huku paneli zikiwa za hadibodi iliyobandikwa vinia, yaani ganda jembamba la mbao. Nilipogonga paneli za milango zililia kama ndoo tupu, na kwenye kona moja iliyobanduka hadibodi ya kahawia inaonekana wazi chini ya vinia nyembamba.

Ushahidi mwingine ulikuwepo siku zote ila sikuujali. Viungo vya pembe za droo, vile vinavyoshikana kwa umbo la mkia wa njiwa, vina upana mmoja tangu wa kwanza hadi wa mwisho, jambo linaloonyesha mashine. Vitako vya droo ni plaiwudi. Majeshi ya Wabelgiji yaliichukua Kigoma mwaka 1916, kwa hiyo Mjerumani aliyeondoka hapa asingeweza kuacha kitanda chenye muhuri ulioanza kugongwa kwenye samani zaidi ya miaka 25 baadaye.

Nilimpigia shangazi simu nikiwa na wasiwasi wa kumvunjia baba yake heshima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi sikuwahi kusema Mjerumani. Babu yako alisema Mzungu. Mjerumani mmemleta nyinyi watoto." Anakumbuka kwamba babu, aliyekuwa karani wa reli, alinunua vitu hivyo kwa ofisa Mwingereza aliyekuwa anafunga virago karibu na Uhuru. Simulizi hiyo inapatana na muhuri. Niongeze kwamba wauzaji wa Ulaya na Marekani kwa kawaida huita kitu cha kale kile kilichotimiza miaka 100, kwa hiyo hivi vyetu bado havijafika.

6 Aprili 2024: Meza ya Tabora si ndugu

Meza imefika kwa treni, umbali wa kilomita zipatazo 400 za reli, kioo kikiwa kimefungwa katikati ya magodoro mawili mepesi. Pamoja na wapagazi wa pande zote mbili nimelipa 38,000.

Ukiiweka kando ya kabati, kwa hatua tano utaapa ni seti moja: miguu ile ile iliyochongoka kuelekea chini, vishikio vile vile vya mbao, rangi ile ile ya kahawia. Ukiinama, mambo yanabadilika. Hakuna mabaka ya miale popote. Chini ya droo mbao ni ya kahawia yenye wekundu, na viungo vya pembe vimechongwa kwa mkono, hakuna viwili vilivyolingana. Vitako vya droo ni plaiwudi ya kasha la majani ya chai, na herufi za kasha bado zinasomeka kinyumenyume. Ni mninga, na Tabora ndiko penye mninga wake.

Hata vanishi imetoa ushahidi. Pamba yenye spiriti niliyoiweka kwa dakika mbili mahali pa siri ililainisha rangi ya meza ikawa ya kunata, maana yake ni shelaki, vanishi inayoyeyuka kwenye spiriti, iliyopakwa kwa kitambaa. Kwenye kabati spiriti haikufanya kitu, lakini thina ililainisha mara moja, maana yake ni vanishi ya selulosi ya kupuliziwa kiwandani. Yeyote anayetaka kupaka upya samani za zamani afanye kipimo hiki kwanza, kwa sababu vanishi isiyopatana na iliyo chini yake itajikunja.

Nimekaa muda mrefu mbele ya meza hii. Fundi asiyejulikana alipewa kazi ile ile ninayotaka kuifanya, miaka mingi kabla yangu, akaifanya kwa mti aliokuwa nao na hakuna aliyegundua. Sitaigusa, isipokuwa kukaza mguu mmoja.

20 Aprili 2024: Kutafuta mti wa kufananisha

Mwaloni wa Ulaya haupo kwa wauza mbao wa hapa. Nilijaribu kwanza njia ya fundi wa Tabora, nikanunua vipande vya mninga kwa 30,000, vyenye risiti na muhuri wa misitu, nikavipaka rangi. Vinakubali umbo na vinakubali weusi, lakini wekundu hujitokeza jua linapoingia dirishani, na kabati dogo jipya litakaa pacha na la zamani, kichwa kwa kichwa, si ng'ambo ya chumba kama meza. Mninga huo nimeuhifadhi kwa kitako cha kabati kubwa.

Jibu lilikuwa mgrevilea, mti wenye asili ya mashariki mwa Australia unaopandwa kama kivuli cha kahawa. Hauna undugu wowote na mwaloni, lakini una miale mipana, na kwa Kiingereza huitwa mwaloni wa hariri kwa sababu hiyo. Nilikwenda Kalinzi, kwenye migomba na kahawa, nikanunua gogo moja lililopasuliwa papo hapo kwa 60,000 na usafiri 15,000. Fundi alianza kazi wiki hiyo hiyo.

1 Juni 2024: Shilingi 125,000 zimepotea

Nilifanya makosa mawili kwa pamoja. La kwanza, wapasuaji walipasua gogo kama kawaida yao, kuanzia ubavuni, na mbao zikatoka na michoro ya mawimbi badala ya mabaka. Niliona, nikajidanganya kwamba rangi ingeyafichua. La pili, mbao zilikuwa mbichi. Mvua zilipokatika na upepo mkavu wa Mei kuanza, ubavu wa kabati ulipinda kama kigae, na mlango ukapasuka kutoka juu hadi chini pembeni mwa gundi. Hakuna cha kuokoa zaidi ya vipande vya kujaribia rangi. Mbao 75,000 na siku mbili za fundi 50,000 zimekwenda.

Fundi naye aliwashwa mikono na shingo akatoka vipele, nasi tukadhani ni viwavi. Ni vumbi la mgrevilea, ambalo huwadhuru ngozi baadhi ya watu. Sasa anavaa mikono mirefu na barakoa, na hunawa kabla ya kula.

8 Juni 2024: Gogo la pili

Safari hii nilikwenda na chaki. Kwenye ncha ya gogo nilichora mstari unaopita moyoni, na mingine miwili sambamba nao karibu kabisa, nikawaambia wapasuaji wanipe mbao hizo tatu tu na zilizobaki wakae nazo. Kila ubao uligawanywa katikati ili moyo wenyewe utupwe, kwa kuwa moyo hupasuka. Ubao ulipofunguliwa, mabaka yalimeta kwenye ubichi wake, na mpasuaji akauliza kama mti huu ni mgonjwa. Gharama ni 80,000 na usafiri 15,000, na nimepata vipande sita vya upana wa sentimita 16 hivi.

Nimezipanga kwenye ukumbi wa nyuma penye hewa na kivuli, zikitenganishwa kwa vijiti, ncha zikiwa zimepakwa rangi ya mafuta zisikauke haraka. Kipande kimoja chenye alama nitakipima kila Jumamosi kwenye mizani ya dukani. Leo kina kilo 4.1.

20 Julai 2024: Kitako cha kabati, na madoa meusi

Kitako chenyewe kilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Fundi alikata sehemu iliyoliwa hadi kufikia mbao ngumu, akaunga kwa mshazari mrefu kipande cha mninga upande usioonekana, kwa kuwa mchwa hawaupendi, na usoni akarudisha ubao wa mwaloni tuliouvua kwenye kipau cha ndani mgongoni. Siku tatu, 75,000. Miguu sasa imesimama juu ya vibati vyenye oili chafu, kama bibi alivyofanya.

Tabu niliileta mwenyewe. Nilitaka kusafisha uchafu wa miaka mingi kwenye fremu, nikasugua kwa stilwaya kavu, kisha nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Kesho yake asubuhi fremu nzima ilikuwa na nukta nyeusi kama imenyunyiziwa pilipili manga. Vipande vya chuma vilikuwa vimenasa kwenye vitundu vya mwaloni, na maji yakafanya kile kile nilichokifanya kwa siki mwezi Machi, jambo ambalo nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu kurasa chache nyuma. Skrubu mpya za chuma nazo zilikuwa zimeanza kuzungukwa na weusi.

Maji ya limau yalipunguza madoa lakini hayakuyaondoa. Niliagiza asidi ya oksali kutoka Dar es Salaam, 22,000 pamoja na kutumwa. Kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya moto, kikipakwa kwa brashi, kilifuta weusi ndani ya robo saa. Nikasuuza kwa maji safi mara tatu. Ni sumu, kwa hiyo glavu, na watoto na kuku wakae mbali, na usiipige msasa ikiwa imekauka juu ya mbao, kwani unga wake huchoma pua na koo. Skrubu nimezibadilisha zote kwa za shaba nyeupe, 12,000.

14 Septemba 2024: Mbao zimekauka, rangi inasumbua

Kipande cha alama kilifika kilo 2.9 mwishoni mwa Agosti na kimebaki hapo majuma matatu. Fundi amemaliza kabati dogo kwa siku nne, 100,000, akinakili la zamani inchi kwa inchi, ikiwa ni pamoja na uvimbe mdogo wa kishikio ambao nilidhani ni kasoro.

Kwa rangi nilijaribu vipande 11 vya gogo lile lililoharibika. Chai ya rangi nzito, kisha siki yenye chuma juu yake, ilitoa kijivu cha maiti. Rangi ya unga ya kahawia iliyoyeyushwa kwenye spiriti ilikaribia, na nikiongeza njano kidogo ilifanana kabisa, hadi nilipobeba kipande kutoka chini ya taa ya umeme kwenda dirishani, kikawa na ukijani. Kuanzia hapo nimekuwa nikilinganisha mchana tu, dirishani, kipande kikiwa kimekwisha kupakwa vanishi, kwa kuwa kikavu na kilichopakwa ni rangi mbili tofauti. Mchanganyiko uliokubali ni wa kahawia, njano, na nyekundu kidogo sana, ukipakwa mara mbili hafifu badala ya mara moja nzito.

9 Novemba 2024: Chumba

Vitu vyote vimerudi chumbani. Kabati jipya nimeliacha liwe jepesi kidogo kwa rangi, na mabaka yake ni makubwa kuliko ya mwaloni, anayejua ataona. Chini ya droo nimeandika kwa penseli: mgrevilea wa Kalinzi, Kigoma, 2024. Chini ya droo ya meza, kando ya herufi za kasha la chai, shangazi aliandika mwenyewe alipokuja: mninga, Tabora.

Vanishi, spiriti, thina, rangi na msasa vimegharimu 67,000, na jumla ya mradi mzima, bila godoro lenyewe, ni 572,000, ambamo 147,000 ni malipo ya makosa ya Aprili na Julai.

Mvua zimeanza, na droo ya kabati jipya imevimba, inakwama nusu ya safari. Nimeipaka nta ya mshumaa kwenye kingo, inafunguka kwa kuombwa. Fundi anataka kuipiga randa leo. Nimemwambia asubiri hadi masika yaishe, asije akaondoa kinachokwama sasa tukapata droo inayocheza mwezi Julai.